Dada Kopi na joka la watu

Asubuhi, foleni imeshafika mlangoni, na Dada Kopi anabishana na mwanafunzi. Mwanafunzi anataka kopi ya kitabu cha kemia, kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Dada Kopi anapanga karatasi za mteja mwingine kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaonyesha tangazo lililobandikwa juu ya mashine: HATUTOI KOPI YA KITABU KIZIMA.

"Sura moja nitakupa," anamwambia. "Kitabu kizima, hapana. Aliyekiandika naye anakula, mdogo wangu."

Mwanafunzi ananuna, analipia sura yake, anaondoka. Fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye hakuna neno linalompita, anacheka chini kwa chini. Anakijua kisa. Maduka yote ya mtaa huu yanakijua, na Dada Kopi mwenyewe hachoki kukisimulia.

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu amesimama mbele ya mashine za kutolea kopi, hadi mama yake mzazi naye anamwita kwa jina la kazi. Anaishi na mama huyo katika vyumba viwili, pamoja na kaka yake mkubwa. Kaka alikuwa fundi wa kuezeka paa. Siku moja bati liliteleza, naye akateleza nalo, na tangu hapo miguu yake haimbebi.

"Mwanangu alikuwa mcheshi, lakini baada ya ajali alifunga mdomo," anasema mama. "Ukimsalimu anaitikia, basi. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naongea na sufuria."

Aliyevunja ukimya huo ni muuguzi aliyekuwa akija kumfanyisha mazoezi. Alikuja na boksi lenye kitabu kinene na dadu za rangi. Ni mchezo wa mezani: mmoja anasimulia kisa, wengine kila mtu anajitwalia mhusika, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umepata au umekosa. Muuguzi alimkabidhi Kaka kazi ya kusimulia. Alisimulia hadi chai ikapoa, na leo wachezaji wote wanamwita Msimulizi.

Meza ilianza na watu wanne. Habari zikasambaa, wakajiunga wengine wa mbali wanaocheza kwa simu. Wengi walishindwa kukisoma kitabu cha kigeni, hivyo Dada Kopi akaanzisha tovuti ya mashabiki na kuwawekea kanuni kwa Kiswahili.

Hapo ndipo alipojikwaa. Hakueleza kanuni, alitafsiri kitabu neno kwa neno, sura baada ya sura. Ramani alizinakili kwa mashine ileile ya dukani, chini ya tangazo lilelile. Juu kabisa akaweka joka la jaladani. Kila ukurasa aliumalizia kwa jina la mchapishaji, kwa herufi nene, na shukrani nyingi.

"Nilidhani ukimtaja mwenye mali umemaliza," anasema, akicheka hadi anafuta macho. "Ni kama kuchuma malimao ya jirani, halafu upaze sauti: jirani, asante kwa malimao!"

Barua pepe ya mchapishaji ilimfikia akiwa kazini. Ilikuwa fupi na ya heshima: tovuti yako ina kurasa na picha zetu, tafadhali ziondoe, na hii hapa sera yetu kwa mashabiki. Fundi simu aliisoma kwa juu ya bega lake. Kisha akainua macho, akalitazama tangazo la ukutani, akarudi kibandani kwake.

"Angenicheka ningemjibu," anakumbuka Dada Kopi. "Aliponyamaza, nikaona aibu mpaka masikioni."

Kwa hofu, siku hiyohiyo aliifunga tovuti nzima. Sera hakuifungua. Wachezaji wa mbali wakakosa pa kukutania, meza ikavunjika, na Kaka akageukia ukuta. Mama akarudi kuongea na sufuria. Dada Kopi anakiri kwamba hilo ndilo lililomuumiza kuliko barua: alimpa kaka yake sauti, kisha akampokonya kwa mikono yake mwenyewe.

Muuguzi alipokuja na kukuta hali hiyo, aliuliza swali moja tu: sera mmeisoma? Hakuna aliyekuwa ameisoma. Kaka akaomba simu, akasoma taratibu, mara mbili. Mashabiki waliruhusiwa kuandika visa vyao, kubuni wahusika wao, kuchora ramani zao na kueleza kanuni kwa maneno yao, alimradi wasitoze watu pesa na waseme wazi kwamba tovuti si ya mchapishaji. Kilichokatazwa ni kunakili maandishi, picha na nembo.

"Mdogo wangu," Kaka akasema, "wametukataza joka lao. Joka letu hawajalikataza."

Palipobaki na utata, Dada Kopi aliuliza. Alijibiwa na mama mmoja wa ofisi ya vibali ya mchapishaji, ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha. Mama huyo alimfafanulia jambo moja moja: kutafsiri kitabu kunahitaji mkataba, kuwaeleza watu namna ya kucheza hakuhitaji. Mwisho wa barua aliuliza hali ya mgonjwa.

"Angeweza kunipeleka mahakamani, akanipeleka shule," anasema Dada Kopi. "Namwombea kama ninavyomwombea muuguzi wetu."

Tovuti imerudi. Kaka anaeleza kwa mdomo, mdogo wake anaandika baada ya kazi, na mchezaji mmoja ambaye ni mwalimu wa hesabu anachora ramani. Haiingizi hata senti. Gharama yake ya mwaka, sawa na mshahara wa siku nne, inatoka mfukoni kwa Dada Kopi. Joka jipya limechorwa na mama yao mzazi. Kusema kweli linafanana na kuku aliyenyeshewa, na wachezaji wamekataa katakata libadilishwe.

Sasa ndugu hawa wanaandika mchezo wao wenyewe, usioazima kitu kwa mtu. Ni kisa cha mji ambao watu wake huishi juu ya mapaa na hawakanyagi chini. Kaka anayajua mapaa hayo bati kwa bati. Ukurasa wa kwanza kukamilika ni ruhusa kwa mashabiki watakaokuja, na Dada Kopi anautoa chini ya kaunta ili ausome:

"Chezeni. Ongezeni visa vyenu. Msinakili kitabu chetu. Mkiwa na shaka, tuulizeni. Sisi tuliuliza, tukajibiwa."

Anairudisha karatasi mahali pake, kisha anaipangusa vumbi mashine yake.

"Kikimalizika nitakitolea kopi hapahapa, kuanzia jalada hadi mwisho," anasema. "Ya kwanza ni ya Kaka, ya pili nitampelekea yule mama wa vibali. Na tangazo langu litabaki palepale ukutani."