Bima Yangu Ilikula Majani Misungwi

Walisema sitajenga, sitafungua karakana, na ile stashahada yangu ya umeme nitaifungia maandazi. Niliporudi kutoka Afrika Kusini niliwanyamazisha. Karakana yangu ya kusuka mota, pale Mirongo, ilifufua mashine za kusaga zilizowashinda mafundi wa mji mzima. Nasema bila haya.

Ila pesa yangu ilikuja kwa msimu. Wenye mashine walinilipa mahindi yakishavunwa. Miezi mingine tulijibana. Jirani yetu mwalimu alikatwa bima ya afya kwenye mshahara kabla hajaugusa. Mimi nilitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wakala wa bima, mama mmoja mcheshi, alinivizia baada ya mavuno.

“Baba, kata hata ya wewe na mama tu.”

“Bima yangu inakula majani Misungwi,” nilimjibu. Mafundi wangu wakacheka.

“Haya, siku ukiugua nenda na ng’ombe wako dirisha la dawa.”

Mke wangu hakucheka. “Baba watoto, ng’ombe wametosha. Mwaka huu tukate bima.”

Nikaongeza ng’ombe wawili. Kwetu Usukumani, mwanamume aliyerudi bila ng’ombe hajarudi.

Kiangazi kilichofuata figo za mke wangu zilishindwa kazi. Nilimkimbilia wakala. Aliinamisha macho: kadi mpya isingelipia matibabu yale mpaka miezi kadhaa ipite. Basi nikawaswaga mnadani ng’ombe wangu wote tisa, mbavu zikihesabika. Malisho yalikuwa yamekauka, na kila mwenye shida alikuwa ameleta wake siku hiyo hiyo. Bei niliyopewa ilisafisha damu yake majuma machache tu. Nikakopa kanisani, kwa mafundi wangu, kwa kaka yake. Hata hivyo tukaanza kuruka siku za kusafisha damu. Akavimba miguu, kisha uso. Alifariki mvua za kwanza ziliponyesha, majani yakianza kuota.

Madeni niliyalipa kwa misimu miwili, bila kusukumwa na mtu. Siku ya mwisho nilikwenda Nyegezi kwa kaka yake.

“Shikamoo, shemeji. Wewe ndiye wa mwisho. Sasa sidaiwi na yeyote.”

“Marahaba.” Alizitia noti mfukoni bila kuzihesabu. “Na watoto, umewakatia bima?”

“Bado,” nilisema. “Pesa yote niliyokuwa nayo umeishika wewe.”