Waliponiita kutoka upande wa pili wa udongo, nilikataa kuitika

Wakuu, salamu kutoka milima ya Masisi, ambako leo ukungu umeshuka mpaka ndani ya sahani.

Huwa nasoma nyuzi zenu kimya kimya, nacheka peke yangu, nalala. Lakini juzi kuna mwenzetu mmoja aliandika kwamba anatafuta chumba chenye giza kabisa, kisichopitisha hata sauti, ajifungie humo atulize akili. Eti ni dawa. Wengi mkampigia makofi.

Mimi niliweka simu chini. Njo maana naandika.

Kitu kimoja nawaahidi: ni ukweli. Walionizoea wanajua mimi ni mtu wa kutia chumvi, samaki wangu wote wana urefu wa mlango. Hapa chumvi itaingia kwenye ukubwa wa mambo tu. Mambo yenyewe ni haya haya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Mimi kijana wa Nyabiondo, nimechoka kuinama kwenye maharage ya baba, nikashuka zangu msituni Walikale kutafuta kazi ya shimo. Kulikuwa na kampuni ya wazungu inachimba kasiterite, yale mawe meusi mazito yanayotoa bati. Kampuni gani, hilo tuliache, haina faida kwenye story yetu.

Mchana nachimba, jioni naenda masomo ya jioni kambini. Mwalimu mmoja, ubao mmoja, sisi watu wazima wenye ndevu tumekaa juu ya magogo tunaimba vitenzi vya Kifaransa kama watoto wa kwaya. Nilihitimu wa kwanza. Wengi waliacha katikati, ni kweli, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Shimoni tulifanya kazi wawili wawili. Mwenzangu aliitwa Safari, Mnyanga wa kule Kibua, mwindaji wa ukoo wa wawindaji. Mtu mfupi, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Kwangu alisema Kiswahili. Kwa wenzake wa msituni alisema Kinyanga.

Hicho Kinyanga mimi sikutaka kabisa kujifunza. Najua wengine mtasema Kihunde chetu na Kinyanga ni majirani. Ni kweli, lakini jirani hana ufunguo wa nyumba yako. Na Safari alikuwa anakisema haraka, chini chini, kama mtu anayechemsha maji. Nilimtania kwamba hiyo si lugha, ni kikohozi. Naye alinijibu kwamba sisi watu wa milimani tunapiga kelele kwa sababu tumezoea kuongea na ng'ombe walio kilima cha pili.

Basi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mpaka tukasahau rangi ya jua. Kapita, yaani msimamizi wetu, akatuingiza hivyo hivyo. Shimo letu lilikuwa la kuingia ubavuni mwa kilima, refu, limeshikiliwa na miti. Asubuhi Safari akatoka na kikapu cha mawe. Mimi nikabaki ndani na taa ya karbidi, naendelea kugonga.

Sikusikia mlipuko wowote. Watu wanafikiri kilima kikianguka kinapiga radi. Hapana. Kilikaa tu chini, kama mama mnene anavyokaa kwenye kiti.

Upepo ukanipiga, taa ikazima, nikaanguka kifudifudi.

Nilipojipapasa nilikuwa mzima. Mbele yangu ukuta, nyuma yangu udongo laini uliojaa mpaka juu. Nilibaki kwenye kijisehemu ambacho mtu anaweza kukaa lakini hawezi kusimama. Kiberiti kimelowa chote. Hewa ilikuwepo, sijui iliingilia wapi.

Wakuu, mnajua giza? Hamlijui. Giza lenu lina nyota, lina mwanga wa simu, lina ufa wa mlango. Lile lilikuwa giza la kupakia kwenye lori. Nilifungua macho, nikafumba, nikafungua, hakuna tofauti. Ikafika mahali sijui kama macho yamefunguka, nikawa nayagusa kwa kidole kuhakikisha.

Mwanzoni kulikuwa na tone la maji mahali fulani. Tii. Tii. Nililichukia tone lile. Nikaliambia linyamaze.

Likanyamaza.

Hapo njo nilielewa nilichokuwa nacho. Udongo uliolowa unameza sauti. Nikipiga kelele, kelele haiendi popote, inafia mdomoni. Nikabaki na sauti ya damu yangu masikioni, ngurumo ya mbali, kama lori linalopanda mlima na halifiki.

Nikasema nifanye kitu cha mtu aliyesoma. Nikaanza vitenzi vyangu. Je suis, tu es, il est. Yaani niko, uko, yuko. Vikaenda vizuri mara kadhaa. Halafu nikafika kwenye "niko" nikasimama hapo. Niko? Nani kasema niko? Miguu ilikuwa kwenye matope yenye joto sawa na mwili, nikawa sijui mguu unaishia wapi na matope yanaanzia wapi. Mgongo ukawa ukuta. Nikahisi nimebaki kichwa tu, na kichwa chenyewe kinaelea.

Nikanyoosha mkono wa kulia nishike kitu, chochote.

Nikashika mkono wa mtu.

Mkono baridi, vidole vimejikunja, umelala kwenye udongo. Moyo wangu ulipiga kwa nguvu ambayo nadhani waliisikia Kisangani. Nikafikiri, kuna mwenzetu alifukiwa humu zamani, na mimi nimekaa naye muda wote huu. Nikamsalimia. Nawaambia ukweli, nilisema, "Jambo, papa," kama unavyomsalimia baba. Nikauvuta taratibu.

Bega langu la kushoto likavutika.

Ulikuwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeulalia ukafa ganzi. Leo tunacheka. Siku ile sikucheka, maana hata baada ya kujua ni wangu, sikuuamini. Niliusukuma mbali. Uliporudi nikalia.

Kisha ikaanza sinema. Kwanza vimulimuli vya kijani, halafu mistari, halafu ng'ombe. Ng'ombe wa kilima chetu wakipita mmoja mmoja mbele ya uso wangu, wanang'aa, bila mlio, na kila mmoja akifika kwangu anageuza kichwa kuniangalia. Nikifumba macho bado wapo.

Halafu mama akaniita.

Mama alikuwa amefariki mimi nikiwa mdogo. Akaniita kwa Kihunde, kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mtu wa kambini anayelijua, kutoka hapo hapo kwenye udongo, kama yuko mlangoni anataka nilete kuni.

Kwetu kuna katazo ambalo kila mtoto analijua mbele ya kujua kutembea: ukiitwa na usiyemuona, usiitike. Mtu mzima, yaani aliye hai, atakuja uso kwa uso. Asiye na uso anakuita ili uitike, na ukiitika umekubali kwenda naye. Nikauma mdomo. Mama akaita, akaita, mwisho akaacha kwa huzuni, na huzuni yake ilinikata kuliko woga.

Akaja kapita. Sauti yake kabisa, ile ya pua, anaita majina kama kila asubuhi. Alipofika kwa Balume, ndiyo mimi, nikasema katazo ni la wafu, kapita ni mzima, nimeokoka. Nikaitika kwa nguvu, "Niko hapa, papa!"

Halafu kapita akasema, pole pole, karibu na sikio langu, "Sasa kama unajua ulishakufa, unaitika kwa nini?"

Wakuu, nywele zangu ziliota upya.

Pale niliapa. Sitaitika tena kwa mtu yeyote, awe mfu, awe mzima, awe malaika na tarumbeta yake. Nikachukua kola ya shati nikaitia mdomoni, nikaiuma.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mimi hesabu yangu ilisema juma zima na Jumapili yake.

Halafu nikasikia mikwaruzo. Mabeleshi, kwa mbali. Nikasema, ee, leo wamekuja na vyombo.

Sauti ya kapita ikaita, "Balume! Uko fasi gani? Jibu basi, hata gonga!" Nikauma kola. Akaita tena. Akaita na mwingine, na mwingine, wote watu wa timu yetu, kila mmoja na sauti yake, kila mmoja anasema yale yale ambayo kichwa changu kilikuwa kimeshaniambia mara mia. Nilikuwa na jiwe mkononi. Ningegonga mara moja tu. Nikaliachilia chini polepole lisitoe mlio.

Mnaona nilipokuwa? Watu walio hai, hatua chache kutoka kwangu, wananiomba nigonge, na mimi najificha wasinisikie.

Mabeleshi yakasimama.

Nikasikia kapita akisema kwa uchovu, "Tuache. Udongo utatulalia na sisi. Ule muntu alishaisha." Sikushtuka. Nilimuona ana akili kuliko yule kapita wa kwanza.

Nyayo zikaanza kuondoka. Na hapo, karibu zaidi kuliko wote, mtu akaanza kuongea peke yake. Chini chini. Haraka. Kama maji yanayochemka.

Kinyanga.

Nikasikiliza. Sikushika hata neno moja isipokuwa jina langu, lilipita katikati mara mbili tatu. Sentensi nzima nzima, ndefu, na mimi sielewi kitu.

Ilichukua muda. Akili yangu ilikuwa nzito kama gunia lililolowa. Lakini lilikuja: mama aliongea Kihunde, na Kihunde ninakijua. Kapita wa uongo aliongea Kiswahili, na Kiswahili ninakijua. Kila kilichoniongelesha mule ndani kilitumia maneno yangu mimi. Sasa haya maneno yametoka wapi? Kichwa changu hakiwezi kutunga lugha ambayo hakina.

Kwa hiyo huyu yuko nje ya kichwa changu. Kwa hiyo kuna nje.

Nikatema kola. Nikataka kupiga kelele, ikatoka pumzi tu. Nikapapasa jiwe, silioni, limepotea, nikatwanga ukuta kwa ngumi zote mbili mpaka ngozi ikatoka, na mwisho sauti ikaja, sauti ya mbuzi: "Niko hapa! Safari, niko hapa, usinyamaze!"

Akanyamaza.

Wakuu, ukimya ule ulikuwa mfupi, lakini nikiambiwa nirudie siku zote zile za gizani ao ukimya ule peke yake, nachagua giza.

Halafu nikasikia beleshi moja. Halafu mengi.

Waliponitoa walinifunga kitambaa machoni, lakini hata kupitia kitambaa mwanga ulinichoma kama pilipili. Nikauliza ni Jumapili gani. Wakaniambia niliingia jana asubuhi. Nikawaita waongo wote, kapita wa kwanza.

Zile siku zilizofuata kambini sikuwa mtu. Mtu akiniita nilikuwa sijibu mpaka nimguse usoni. Nililala nje kwenye mvua kwa sababu nyumba ikifungwa mlango nilimsikia yule kapita wa uongo pembeni. Mkono wa kushoto nilikaa nao siku nyingi kama mgeni. Baadaye nilipooa, Mungu akanipa mke anayekoroma mpaka mabati yanatikisika, na kila usiku alipoanza nilimshukuru Mungu na kulala.

Siku moja nikamwendea Safari. Nilitaka kumshukuru, na nilitaka kujua alikuwa ananiambia nini pale. Nilidhani alikuwa ananitia moyo, ananiambia vumilia, tunakuja.

Akaangalia chini. Akasema, "Hapana, kaka. Nilikuwa nakuaga."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao mtu akibaki ndani ya ardhi bila kuzikwa, lazima mwenzake wa kazi aongee naye kabla ya kuondoka, kwa lugha ya mahali, ili ardhi nayo isikie. Asipoagwa atafuata watu mpaka nyumbani.

"Nilikuambia: Balume, ulishakufa. Kubali. Enda muzuri, usitufuate ku kambi. Hatukukuacha kwa ubaya."

Wakuu, nilikaa chini pale pale.

Kwa sababu najua hali niliyokuwa nayo. Kama ningekuwa nasikia Kinyanga hata kidogo, ningesikia mtu wa tatu ananiambia nimekufa, na huyo kwa upole, na ningekubali. Ningenyoosha miguu na kulala. Uvivu wangu wa kutojifunza lugha ya mwenzangu njo uliniokoa, na hilo silipendi kulisema mbele ya wajukuu.

Safari alinifundisha Kinyanga baadaye, miaka mingi, mpaka nikakohoa kama yeye.

Somo langu ni dogo. Wewe unayetafuta chumba cha giza na kimya, usidhani utakuwa peke yako humo. Akili ikikosa cha kuona na cha kusikia haipumziki, inaita wageni, na wageni wenyewe wanakujua vizuri sana, hawatakuambia kitu kipya hata kimoja. Ukianza kuwasikia, tafuta mtu mwingine. Yeyote. Anayekushangaza ni mzima.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kufungiwa, waliopotea mapangoni, waliofukiwa, njooni mseme. Wabishi pia karibuni.

Ila nawaomba, katikati ya comment zenu mtie hata maneno mawili ya lugha nisiyoijua. Usiku huku ni kimya sana tangu mke wangu afariki, na ningependa kuwa na hakika kwamba muko kweli.