Mlango wa Mzee Ramadhani

Nakumbuka mwaka ule mvua za mwezi wa tisa zilipotukimbia, nami nikiwa kigori hapa mtaani Buyenzi. Nimeukumbuka leo, mwanangu Zuhura, kwa sababu ya simu yako ya asubuhi. Ati huko kaskazini ya mbali, mlikozoea kuvaa sweta hata mwezi wa saba, mwaka huu jua linachoma na halitui, na nyumba zilizojengwa kuhifadhi joto zimegeuka tanuri. Kuishi kwingi ni kuona mengi! Lakini kilichoninyima raha ni ulichokisema mwisho, kwa sauti ndogo: kwamba bibi kizee wa mlango wa pili, anayeishi peke yake, hajaonekana tangu jana, nawe unaona haya kugonga, maana huko watu hawagongeani milango.

Basi sikiliza. Mwaka ule mabati yalikuwa yanalia juu ya vichwa vyetu, na hata upepo wa ziwani ulitufikia umechoka. Bibi yangu aliyenilea hakuwa mtu wa kulalamika. Alilowesha magunia matupu ya mahindi, akatutuma mimi na binamu zangu tuyatundike kwenye kila mlango wa nyumba zilizozunguka uwanja wetu, ili upepo ukipita humo upoe. (Ah, harufu ya gunia lililolowa! Naitamani mpaka leo kuliko udi.) Tulitundika kote, tukaruka mlango mmoja. Ulikuwa wa Mzee Ramadhani, fundi wa magari aliyefiwa na mke, ambaye siku za nyuma alipangusa mikono yenye grisi kwenye shuka aliloanika Bibi. Tangu hapo walikuwa hawaamkiani.

Bibi akatazama, akauliza sababu, "Mulango ya Ramadhani mumeiruka juu ya nini?"

"Si mulikosana naye, Bibi?" nikamjibu.

"Mi nilikosana na mikono yake, apana na roho yake. Leta maji!"

Alikwenda mwenyewe. Aligonga, kimya; akasukuma. Mzee alikuwa chini, midomo imekauka, macho hayamtambui mtu. Tulimburuta hadi barazani, Bibi akamfunika gunia lililolowa, akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko. Nilidhani amekwisha. Adhuhuri ilipoadhiniwa, akafumbua macho na kunung'unika, "Nani amenilowesha kanzu?" Tulicheka huku tunalia. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na uwanja wenyewe sasa ni duka la spea. Nikipita hapo najikuta napunguza mwendo.

Mwanangu, jua likibadili tabia, wewe usibadili yako. Lowesha shuka ulitundike dirishani, kunywa maji kabla ya kiu. Lakini kabla ya hayo yote, nenda kwa jirani yako. Usiniambie wewe ni mgeni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kutogongeana milango ni desturi ya siku za kawaida, na hizi si za kawaida. Chukua jagi la maji, ugonge. Akikasirika, utapata aibu kidogo, itapita. Asipojibu, ita watu, usinipigie mimi kwanza.

Mungu akupe kivuli popote uendapo, na siku utakapozeeka ukiwa peke yako, asikunyime mtu wa kukugongea.