Shahidi wa Papa Potwe

Mume wangu, Baba Kabula, alikuwa mvuvi wa sangara. Binti yetu Kabula, anayesomea kilimo cha mpunga Ufilipino, alimtumia video ya papa potwe, samaki mrefu kupita mtumbwi. Baba yake akacheka: "Mwongo wewe! Mama yako akimwona kwa macho yake, nitaamini. Yeye hajui kuongeza chumvi." Mwezi uliofuata aliugua, akafariki. Kabula hakuwahi mazishi. Kila akipiga simu alilia kwamba baba ameondoka akimwita mwongo. Ndugu wakachanga nauli, nikaenda.

Alfajiri niliondoka Butimba, Mwanza. Manila, Kabula alinipokea amekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwani huko chuoni hamli?"

Tukapanda basi hadi Donsol, mji mdogo wa wavuvi. Migomba, mpunga, kuku barabarani. Nikajiona niko Sengerema.

Asubuhi ya kwanza tuliingia baharini. Mashua zao ni nyembamba, zina mbawa za mianzi ubavuni. Kiongozi wetu, Rodel, alitaja masharti, Kabula akinitafsiria: hatumlishi, hatumshiki, akija amekuja. Tulizunguka hadi muda ukaisha. Hakuja.

Kabula akaninong'oneza, "Mama, ukirudi nyumbani waambie tu umemwona."

"Baba yako aliuamini mdomo huu. Niuchafue?"

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mtazamaji aliyekaa juu ya mlingoti akapiga kelele. Mimi nimezaliwa kando ya ziwa, lakini sijui kuogelea.

"Mama, mtazame kutoka hapa."

"Kutoka hapa naona kivuli. Hata wingu lina kivuli."

Nikavaa boya na miwani. Rodel akanishika mkono huu, Kabula huu, tukaingia. Papa akaja taratibu, mdomo wazi kama mlango wa banda, mgongo una madoa kama kanga wa porini. Nikapiga yowe, nikanywa maji ya chumvi, nikacheka. Kabula naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Jioni mke wa Rodel alitupikia wali na samaki wa nazi. Akauliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani.

"Mbishi," nikasema.

Akamnyooshea Rodel kidole: "Kama huyu!"

Jumapili, nikiwa nimerudi Mwanza, nilitoka kanisani nikashuka mwaloni, mitumbwi inakopakua samaki. Wavuvi wenzake mume wangu, walioujua ubishi ule, walikuwa wanashona nyavu.

"Mama Kabula, ana urefu gani?"

"Sijui. Kichwa nilikiona, madoa niliyaona. Maji hayakuwa maangavu, mkia sikuuona."

Mzee Masanja, aliyevua na mume wangu miaka mingi, akaweka sindano chini.

"Basi samaki yupo. Mwongo angetuletea na mkia!"

Wakaangua kicheko. Nilichojifunza ni kwamba ukisema nusu uliyoiona, watu watakuamini kwa yote. Nikampigia Kabula palepale. Mzee Masanja akaninyang'anya simu.

"Binti yangu, baba yako hayupo. Sisi tumekubali kwa niaba yake."