Seremala wa Mlalo Anayewasimulia Vijana Kosa Lake

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya mwaka 1956, ukungu bado umeifunika Mlalo. Fundi Sefania anaweka randa chini, anapangusa maranda na kuwaketisha vijana kumi na mmoja anaowafundisha useremala. Leo hawachongi kitu.

"Mwaka 1946 nilimvunja mke wangu mkono," anawaambia. "Alichelewa kurudi kutoka gulioni. Wala sikuwa nimelewa."

Vijana wanainamisha macho. Anawaeleza jinsi mfupa ulivyolia, na jinsi Yunis alivyorudi kwao Bungu akakaa miezi saba.

Sefania alipokwenda kumwomba arudi, alimpelekea baba mkwe mbuzi.

"Mbuzi ni wa baba," Yunis alimjibu. "Mimi nataka uwaambie watu ulichofanya, kwa kinywa chako mwenyewe. Waambie hasa wavulana ambao hawajaoa."

Tangu hapo, kwa miaka tisa sasa, anawaambia. Siku akilegeza maneno na kusema mkono "uliumia", Yunis, anayechambua maharage mlangoni, humkatiza: "Uliuvunja."

Mwaka huu akina baba watano wamewaondoa wana wao, wakidai fundi anawafundisha kuwaogopa wanawake. Sefania hakufunga darasa.

Rubeni, mwenye miaka kumi na saba, amebaki. Wiki iliyopita alimsokota mkono mchumba wake, Secilia, kwa sababu alicheka na muuza chumvi.

"Fundi, akinidharau mbele za watu nifanyeje?"

"Kucheka si dharau. Hasira ikipanda, ondoka, kapasue kuni. Ukirudi, muulize, kisha usikilize jibu. Umeshamwomba radhi?"

"Bado. Nilitaka nimnunulie kitambaa kwanza."

"Nenda mikono mitupu. Sema ulichofanya, usiseme kilichokukasirisha. Akikataa kuolewa nawe, ni haki yake."

Rubeni anatoka. Kabla ya adhuhuri amerudi, uso umemshuka.

"Amenisikia. Lakini anasema harusi isubiri mwaka mzima, anitazame kwanza."

"Basi utatazamwa," Sefania anasema. "Mimi bado natazamwa."

Baada ya mavuno ya mahindi, fundi na mkewe watakwenda Bungu. Yunis atazungumza na wasichana. "Nataka wajue wanaweza kurudi kwao kabla mfupa haujavunjika," anasema.

Sefania atasimama mbele ya shemeji zake, waliompokea dada yao siku ile.

"Kule ndiko kugumu kuliko kote," anakiri. "Ila kule nako kuna wavulana."