Mgongo Ule Kwenye Sinema

Siku ile tulikuwapo sita: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu aliyekuwa amelala mgongoni kwa shangazi, shangazi mwenyewe, balozi wa nyumba kumi aliyekuja kukagua barua ya kibali ya mgeni, na mgeni mwenyewe, mtengenezaji wa sinema. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu.

Mtu yule hakutumwa na serikali wala kampuni. Tulidhani atapiga picha shamba la ujamaa. Yeye akaniuliza mama yetu alikuwa akipandaje mlima na kuni. Nikajifunga kaniki ya mama yenye kiraka chekundu, nikajitwika mzigo, nikapanda kama nilivyozoea kumwona.

"Usigeuke," akasema. "Ukiiona kamera unatengeneza uso."

"Amepanda kutoka Mombo na mizigo yote hii aje kupiga picha migongo?" shangazi akamwuliza balozi. Balozi akaisoma tena barua.

Nilirudia mara nne. Mara ya nne hakuniambia nisimame, basi nikaenda hadi nyumbani nikawasha moto.

Miaka ikapita. Akarudi na sinema zake tatu, akazionyesha mchana katika ukumbi wa kijiji, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ya kwanza ilikuwa ya wapasua mbao, ya pili ya wachuma chai. Wote migongo, hakuna anayesimulia, na mtu akishapita kamera inabaki ikitazama mahali patupu.

"Hadithi iko wapi?" watu wakanong'ona. Hata mimi sikujua.

Katika ya tatu akatokea mwanamke mwenye kaniki, anapanda. Kitinda mimba wetu, sasa msichana wa miaka minane, alikijua kile kiraka. Kaniki ile ndiyo aliyokuwa akijifunika kila siku. Akanishika mkono.

"Dada, yule ndiye mama?"

Nilitaka kusema ni mimi. Lakini hatua zile zilikuwa za mama, na bega lile la kushoto lililoinama pia. Nikachanganyikiwa. Mwanamke akavuka kilele, mlima ukabaki mtupu.

"Mbona hageuki?"

"Alikatazwa," nikasema.

Leo mdogo wangu huyo ana watoto wanne, na huwasimulia alivyomwona bibi yao. Kila mara nafungua kinywa nimwambie, kisha najiuliza hata mimi nilimwona nani. Bado ananidai jibu, naye hajui.