Ushuhuda Ulionoga

Mashimba alipomaliza kifungo cha miaka sita, kanisa dogo la Mkuyuni lilimnyakua kama mwewe na kifaranga. Kila Jumapili alisimamishwa atoe ushuhuda.

Mwanzoni alisema ukweli: katika genge lao wenzake walivunja milango, yeye kazi yake ilikuwa kubeba mizigo. Waumini wakapiga miayo.

"Ndugu, tia chumvi kidogo," mchungaji alimnong'oneza.

Akatia panga. Wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata akatia damu, na kina mama wakalia kwa raha zao. Mashimba aliwadharau kuliko alivyowahi kuwadharau wezi wenzake. Watu wazima, na Biblia kwapani, wametoka nyumbani kuja kutazama sinema ya bure.

Jumapili ya nne, vitambaa vya kufunikia spika vilikuwa vimepelekwa kufuliwa. Mashimba akiwa ameshika maiki, aliona ubavuni mwa spika kubwa herufi M, imeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Aliijua. Spika hiyo alikuwa ameibeba mwenyewe, enzi za genge, kutoka kwa Moza wa Mabatini, mama aliyekuwa akikodisha muziki wa harusi.

"Leo sina chumvi," alisema. "Spika hii niliiba kwa Bi Moza. Aliyeinunua, niliyempelekea mwenyewe usiku uleule, amekaa hapo mbele, kwenye viti vya wazee wa kanisa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mashimba akachomoa nyaya, akajitwika spika begani kuirudisha kwa mwenyewe.

Alipofika mlangoni, kanisa zima lilikuwa limesimama likipiga yowe la mwizi.